Zile Chache Zinazopenya

Sindano ilipomwingia mgongoni, Esnah alilia kwa sauti nyembamba, ya mtoto asiye na pumzi ya kutosha kudai haki yake. Alikuwa na miezi minane, na shingo bado haijakaza. Angwenyi, baba yake, alikuwa ameambiwa amshike miguu. Akaishika, ingawa haikuwa na nguvu ya kurusha teke.

Hata kaka yake, Mose, alianza hivyo hivyo. Walimzika pembeni mwa shamba la chai, huko Nyamira, kabla hajatimiza mwaka. Siku ya matanga Bitutu, mama yake Angwenyi, alitamka mbele ya watu kwamba damu mbovu imeletwa na mke. Angwenyi alinyamaza. Tangu hapo mkewe, Mokeira, alizungumza naye kwa kipimo, kama mtu anayepima chumvi.

"Sasa dawa iko wapi, Daktari?" Angwenyi aliuliza.

"Kwenye maji ya uti wa mgongo," alijibu Daktari Jemimah, akivua glavu. "Inazifikia seli zinazoamuru misuli. Seli huimeza na kuifungia ndani ya vifuko vidogo. Chembe nyingi za dawa huishia humo humo. Chache ndizo hupenya hadi kwenye kiini cha seli."

"Chache zitafanya nini?"

"Esnah amekosa jeni moja muhimu. Anayo ya akiba, ila seli ikinakili maagizo yake, huruka kipande kimoja, na protini ya kuzihifadhi seli hizo inatoka pungufu. Dawa hii ni kama uzi mfupi unaoinasa nakala hiyo mahali maalumu, kipande kisirukwe. Seli zilizokwisha kufa hatuzirudishi, Baba Esnah. Tunazipigania zilizobaki."

Angwenyi alimtupia jicho Mokeira, aliyekuwa akimvika mtoto. "Na huo upungufu ulitoka kwa nani?"

"Kwenu wawili. Ungetoka kwa mmoja tu, mtoto asingeugua."

Mokeira hakuinua uso. Aliendelea kumfunga mtoto vifungo vya gauni, kimoja kimoja, na utulivu ule ukamchoma mumewe kuliko matusi. Angwenyi alitafuta neno, akaona kwamba neno lenyewe hakupaswa kulisemea pale.

Walipofika nyumbani, Bitutu alikuwa uani akichambua mboga za chinsaga kwa ajili ya chakula cha jioni.

"Wamesemaje?" aliuliza.

"Mama," Angwenyi alisema, akibaki wima, "ugonjwa huu nusu yake ni yangu. Mose naye nusu hiyo nilimpa mimi. Nami niliurithi humu humu nyumbani, kwako au kwa baba. Siku ile ulipomlaumu Mokeira, nilikaa kimya. Nilimkosea."

Vidole vya Bitutu vilikwama kwenye shina la mboga. Kisha akajipangusa mikono kwa leso, taratibu, akainyoosha kumpokea mjukuu.

Mokeira alisimama pale pale, mtoto begani, akiitazama ile mikono.