Kuta za Bati Nyumbani kwa Verlene

Jumapili moja ya Novemba, baada ya kutoka kanisani, Verlene Kucera alivua viatu vyake vya heshima, akafunga aproni juu ya gauni lile lile la ibada, akaanza kukanda nyama ya kusaga. Alitia yai, chenga za biskuti za chumvi, kijiko cha kechapu, na kitunguu alichokikuna mpaka kikawa maji, maana mdogo wake Lyle hapendi kukutana na kipande cha kitunguu mdomoni. Akafinyanga vipande viwili vyenye umbo la soli ya kiatu cha mtoto na kuvibonyeza katikati kwa kidole gumba ili visifure. Hiyo ndiyo steki ya Salisbury. Mtu wa mbali akisikia jina hudhani ni pande la nyama la kukatwa kwa kisu kikali, kumbe hata asiye na jino analimaliza bila taabu.

Nyama ilipoiva pande zote aliitoa kikaangioni, akamwaga unga kwenye mafuta yaliyobaki ili apate rojo. Hapo ndipo tuta la bati lilipoanza kuchomoza sakafuni, kati ya jikoni na sebule. Lilikuwa jembamba, limekunjwa ukingo wake kwa ustadi, linang'aa. Verlene alilitupia jicho, akapunguza moto, akaendelea kukoroga. Rojo haina subira, ukiipa kisogo tu inafanya mabonge. Alipotia uyoga, tuta lilikuwa limefika kwenye kifundo cha mguu na kutoa tawi kuelekea chumba cha nyuma.

Jirani yake, Opal Jurgens, aliingia kwa mlango wa uani, akirudisha bakuli.

"Kha! Unapika vile vyakula vya trei za friza?"

"Steki. Lyle anakuja."

"Aa, basi ndiyo maana." Opal alipandisha sketi kidogo, akaruka tuta, akaweka bakuli mezani. "Kwangu matuta hutoka nikipika kuku na njegere. Na haya yako ni cha mtoto. Marehemu mume wangu kwao walikula trei zile za bei ya kutupa, zina ukuta mmoja tu, lakini mnene huo! Mwaka mzima nilikuwa napita kwa ngazi."

"Huwa yanaishia wapi?"

"Inategemea mlikuwa mnakaaje kwenu, mwenzangu." Opal alichovya kidole kwenye rojo, akalamba. "Ongeza pilipili manga. Leo unamwambia?"

"Namwambia. Chumba cha nyuma nimeshakipaka rangi."

"Basi mwambie kabla hajashika uma. Wanaume wa kwenu wakishashika uma, umekwisha."

Opal akaenda zake, akiruka tena.

Verlene na Lyle walikulia mji huu huu wa Grand Island, nyuma ya reli. Mama yao alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupakia nyama, na akirudi nyumbani hakutaka kuiona mbichi wala kuinusa. Kwa hiyo chakula cha jioni kilitoka kwenye friza, kwenye trei ya bati yenye sehemu nne: kubwa ya steki, mbili za viazi vya kuponda na mahindi, na kadogo ka keki ya chokoleti hapo juu katikati. Kila mtu alikuwa na trei yake. Hakuna aliyemwomba mwenzake ampitishie chumvi, hakuna aliyegombea pande la mwenzake. Baba alikula sebuleni mbele ya televisheni. Mama alikula chumbani, mlango umefungwa, miguu juu ya mto. Lyle alikula kitandani kwake. Verlene alibaki kwenye meza ya jikoni kwa sababu yeye ndiye aliyejua muda wa oveni na sehemu ipi ya trei ifunuliwe foili mapema.

Kuta za zile trei hazikupitisha kitu isipokuwa punje moja ya mahindi. Daima ilikuwapo, imezama kwenye keki ya chokoleti, na hakuna aliyejua ilivukaje. Waulize watu wa rika la Verlene mahali popote Nebraska, ladha ya viazi wameisahau lakini ile punje wanaikumbuka.

Hawakugombana. Watu wakimuuliza habari za utoto wake, Verlene husema hawakugombana, na ni kweli.

Jioni moja ya Februari, akiwa na miaka kumi na minne, alipita kukusanya trei kama kawaida. Mama alikuwa ameegemea ubavu, trei mapajani, kijiko sakafuni, steki haijaguswa. Daktari alisema ni moyo, na kwamba palishapita saa nzima. Katika saa hiyo Baba alikuwa amecheka kwa sauti mara kadhaa, Lyle alikuwa amemaliza keki, na Verlene alikuwa amefanya hesabu za shule. Wiki iliyofuata waliendelea na trei zile zile, maana friza lilikuwa limejaa. Suala la ile saa halikuzungumzwa siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Sasa mume wa Verlene, Milo, alikuwa amefariki tangu majira ya kuchipua, na Verlene alikula peke yake. Kifo chenyewe alishakizoea. Kilichomtisha ni ile saa moja. Kila alipomeza tonge alijiuliza ni nani atakayepita kukusanya sahani, na hakupata jina isipokuwa la Lyle, ambaye talaka ilimwacha kwenye nyumba ya trela kule Hastings, naye anakula peke yake vile vile.

Lyle alifika na mfuko wa mikate midogo ya dukani. Kuta zilikuwa zimefika magotini. Alizivuka kama mtu anavyomvuka mbwa aliyelala mlangoni.

"Harufu hii! Nimeinusa tangu nageuza gari."

"Vua kofia."

"Kuta zako zimerefuka mwaka huu."

"Ni rojo. Nimeitia uyoga."

"Za kwetu hazikuwa na uyoga."

"Ulikuwamo. Wewe ulikuwa unameza tu, hutafuni."

Lyle alicheka, na Verlene akaona leo mambo yatakwenda sawa. Alikuwa ametandika meza kubwa kwa watu wawili, viti vinatazamana. Akampakulia mdogo wake steki, viazi, na mahindi yote, kwa kuwa yeye mwenyewe, Verlene, mahindi hayali tangu utoto. Akaweka pembeni visahani viwili vya keki ya chokoleti. Ilibaki kumwambia tu. Akageuka kufunga jiko, akivuta pumzi.

Alipogeuka tena, kiti cha Lyle kilikuwa kitupu. Amechukua sahani yake na kisahani chake, amevuka, amekaa kwenye kochi la Milo, amewasha televisheni. Hakukusudia ubaya. Mkono ulishika sahani na miguu ikaenda yenyewe, ndivyo walivyolelewa. Naye Verlene, tusimwonee Lyle, alikuta sahani yake mwenyewe na kisahani chake keshaviweka kwenye kaunta kando ya oveni.

Kuta zikapanda mpaka vifuani. Lyle akawa amebaki upande wa sebule, Verlene upande wa jikoni, na lile eneo kubwa la katikati, ambalo kwenye trei lingekuwa la nyama, likabaki na meza iliyotandikwa na viti vyake viwili.

Verlene akapiga moyo konde. Akavuta kigoda, akapanda, akaegemeza viwiko juu ya ukuta. Bati lilikuwa la moto lakini linavumilika.

"Lyle."

"Ee."

"Chumba cha nyuma kiko wazi. Nimekipaka rangi."

"Rangi gani?"

"Ya maziwa. Hiyo trela yako itakuua kwa baridi."

"Trela haina neno."

"Nataka uhamie hapa. Tuishi wote."

Lyle alikata steki kwa ubavu wa uma, akachovya kwenye rojo, akala.

"Nyama umeipatia, dada. Yaani umeipatia kabisa."

"Nimekuomba kitu."

"Nimekusikia."

Kwenye televisheni mtu alikuwa anauza matairi ya theluji. Lyle alimtazama mpaka akamaliza kuyasifu. Kisha akasema, uso wake bado uko kule kule:

"Siku ile nilisikia kijiko cha Mama kikianguka. Kilipiga mbao. Nikadhani ni kwenye televisheni."

Verlene alishika ukingo wa bati kwa mikono miwili. Alikuwa na zaidi ya miaka hamsini akilisubiri neno hilo bila kujua kwamba analisubiri. Macho yalimjaa machozi.

"Hata mimi nilikisikia," alisema. "Nikadhani ni wewe."

Aliamini kwamba maneno hayo yakishasemwa kuna kitu kitashuka. Alingoja. Lyle aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya mafuta ya gari.

"Haya," alisema. "Mechi inaanza."

Kuta zikapanda shubiri nyingine, kisha nyingine, mpaka Verlene akawa anaona dari tu. Akashuka kwenye kigoda. Akala steki yake amesimama. Ilikuwa imeiva vizuri kweli, laini, ina chumvi ya kutosha, na aliimaliza yote. Uchungu haukumnyima hamu ya kula, na hilo nalo lilimuuma.

Halafu akachukua kijiko chake, akakinyoosha mbele, akakiachia.

Nyumba nzima sasa ilikuwa ya bati. Kijiko kiligonga, mlio ukazunguka jikoni, ukapita juu ya meza ile isiyo na watu, ukaingia chumba cha nyuma chenye rangi mpya, ukatetemesha vyombo kabatini, ukafika sebuleni. Hakuna mtu ambaye asingeusikia. Opal alisema baadaye kwamba aliusikia kwake, akiwa anapiga pasi.

Verlene alisimama, mkono bado uko mbele, akasubiri Lyle aulize kuna nini.

Sauti ya televisheni iliongezeka kidogo.

Verlene akainama, akaokota kijiko, akakiosha, akakifuta kwa aproni.

Mechi ilipokwisha, Lyle alipaza sauti kutoka upande wake. "Haya dada, asante! Sijala hivi tangu zamani!"

"Chukua kilichobaki!"

"Hapana, kipashe moto wewe kesho! Jumapili nyingine basi!"

"Jumapili nyingine!"

Lyle alitokea mlango wa mbele, ambao ulikuwa upande wake. Verlene alisikia gari likisita kwa baridi, likawaka, likaondoka. Kuta hazikushuka. Opal aliwahi kumwambia kwamba kwa watu wengine kuta hushuka wakati wa kuosha vyombo, wengine huzoea ngazi, na ngazi ilikuwa gereji, ikiwa na hali nzuri tu, Milo aliitunza. Ataileta kesho kutakapopambazuka.

Kilichobaki ni keki yake ya chokoleti, pale kwenye kaunta. Alikaa juu ya kigoda, akaichota kwa kile kijiko. Kwenye tonge la pili jino lake lilikuta kitu. Akakitoa, akakiweka kiganjani, akakisogeza dirishani penye mwanga.

Ilikuwa punje ya mahindi, na mahindi yote alimpakulia Lyle.

Ilikuwa bado ina vuguvugu. Verlene aliila, akamalizia keki, akaosha sahani yake na sufuria. Sahani ya Lyle ilikuwa upande wa pili.