Kilio Bila Maiti

Mimi sijui kunyamaza, mtaa mzima wa Shituru unajua. Basi Papa Zéphirin akanisimamisha bombani, akaniambia habari za mke wake.

"Mama Orpha, Albertine ameniambia bora alale asiamke tena."

Ndoo ikaniponyoka. Albertine ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, mshonaji wangu, rafiki yangu. Tangu mvua zianze alikuwa kitandani, uso ukutani. Kule santé, kwenye kituo cha afya, dokta alimpa dawa, akasema ni dépression, ugonjwa wa huzuni, tena asiachwe peke yake. Na sisi tukafanya nini? Tukamwacha peke yake! Mmoja anasema uvivu, mwingine anasema amelogwa, na wengine tunapita mlangoni mwake haraka haraka. Angekuwa amefiwa, ua ungejaa. Kwenye kilio tunajua la kufanya: unaleta mkeka, makala ya jiko na unga, unakaa, unalala hapohapo. Lakini huzuni isiyo na maiti, hatujui tuikalie wapi.

"Basi tuikalie vilevile," nilimwambia Danielle, mwenzangu wa shirika la parokia.

Kesho yake asubuhi, mimi, yeye na Gaëlle mdogo wake tulitandika mikeka uani kwa Albertine, mumewe akiwa kazini, tukawasha jiko la mbabula, tukateleka sufuria kubwa. Hatukumwita. Danielle alitwanga sombe, majani ya muhogo, tukawa tunaongea mambo yetu kwa sauti, atusikie.

Kosa langu lilikuwa moja: sikumwambia mtu mwingine. Wapita njia waliona mikeka, wanawake chini, sufuria ya kilio. Unadhani waliuliza? Hata kidogo! Saa sita haijafika, Papa Bertin, kiongozi wa shirika letu, akaingia na viti vya plastiki kichwani na waimbaji nyuma yake, analia kwa sauti yake yote:

"Mama Albertine eee! Umetuacha na nani?"

Mlango ukafunguka. Albertine huyo, kikwembe kimefungwa kifuani, nywele zimesimama.

"Munanililia miye?"

Jamani, aibu! Nikamwona anageuka kurudi ndani. Nikaogopa kweli, na mimi nikiogopa hutoka hasira.

"Ndiyo, tunakulilia! Weye unataka tungoje ukufe? Siku hiyo tutajaa hapa, na utatuona? Miye nataka unione sasa! Na usifikiri ni weye peke yako. Kuna asubuhi miye nakaa kitandani na kiatu mukononi, nashindwa kukivaa. Nani anajua? Hakuna!"

Nilikuwa nalia, mimi na mdomo wangu wote.

"Miye pia," Danielle akasema taratibu, bila kuacha kutwanga. "Tangu mwaka jana. Sikuambia muntu."

Gaëlle alimgeukia dada yake, akamtazama sana.

Albertine aliachia mlango. Kisha akashuka, akasogeza miguu ya Gaëlle, akakaa mkekani. Hakula. Hakucheka. Papa Bertin akauliza kwa sauti ya chini kama arudishe viti.

"Viache, papa." Akajivutia kikwembe mabegani. "Muchana naweza. Usiku, Zéphirin akilala, ndio mubaya. Kwenye kilio bantu wanalalaka. Nani atalala hapa?"

Tukajibu wote kwa pamoja, hata Papa Bertin, mpaka Albertine akatuambia godoro ni moja tu.