Mkono wa Biasha

Moshi wa kijiji cha Mkongo ulikuwa bado unapanda nyuma ya mashamba ya mtama, Mwantumu alipoketi ukingoni mwa kijito kumtazama mkwewe. Asubuhi hiyo askari wa Mdachi walichoma nyumba na maghala ya mpunga, kwa kuwa wanaume wa kijiji walikuwa wamekwenda vitani dhidi yake. Mwantumu, mbovu wa miguu, alibaki ndani. Biasha, mke wa mwanawe Sadala, akarudi motoni akambeba. Paa lilipowaporomokea, Biasha alilikinga kwa mkono wa kulia.

Sasa alikuwa amekaa kimya, akitetemeka. Aliyekuwa akipiga kelele ni Mshamu, jirani yao mrina asali, nyayo zimemvimba malengelenge.

"Mama Sadala, nakufa! Nianze mimi. Huyo hata halii."

"Ndiyo maana naanza naye. Wewe tia miguu majini."

Tangu vita vianze, Mwantumu alikuwa ameuguza majeraha ya moto mpaka mikono yake ikafanya kazi bila kumwuliza. Aliumwagia mkono ule maji ya kijito, taratibu, muda mrefu. Kaniki iliyogandamana na ngozi hakuivuta, aliikata pembeni. Chini yake ngozi ilikuwa nyeupe, kavu, ngumu kama ya ngoma. Akaigusa kwa ncha ya mwiba.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu, Mama. Si afadhali?"

Mwantumu aliuweka mwiba chini. Moto ulikuwa umeshuka chini mno ya ngozi, ukaua hata maumivu.

"Mpake majivu," alisema Mshamu.

"Majivu nimeyachoka leo. Nipe asali."

Mshamu aliukumbatia mtungi wake. Ndicho chakula pekee alichotoka nacho. Akamtazama Biasha, ambaye midomo ilikuwa imeanza kumbadilika rangi, kisha akausogeza mtungi kwa Mwantumu.

Mwantumu alilichemsha jani changa la mgomba, akaliacha lipoe, akalipaka asali, akaufunika mkono. Kila kidole alikizungushia kipande chake peke yake, visije vikaota pamoja. Akamfunika Biasha asipate baridi, akamnywesha maji yenye chumvi kidogo, funda kwa funda, hata alipoyakataa. Ndipo akaigeukia miguu ya Mshamu.

Walikaa porini mpaka mtama uliosalia ukaisha. Kila siku Mwantumu alibadilisha majani, akanusa jeraha, akachemsha tena. Homa ilikuja, ikaondoka, ikarudi. Mshamu alipoweza kukanyaga, alikwenda kutafuta asali nyingine, akiwakwepa askari. Habari za Sadala hazikuja, wala hakuna aliyeziulizia kwa sauti.

Asubuhi moja, jani lilipobanduliwa, Biasha alipiga ukelele.

"Unaniua, Mama!"

"Wapi?"

"Hapo pembeni! Panawaka!"

Mwantumu aliona nyama nyekundu ikichipua kingoni mwa kidonda. Alitaka kumshukuru Mungu, lakini uchovu ulimzidi. Akakaa hivyo hivyo, jani mkononi, machozi yakimtiririka, huku mkwewe akimtukana kwa maumivu.

Kidonda kilifunga, lakini vidole viwili havikunyooka tena. Siku walipoanza safari kuelekea Kibiti kwa ndugu zao, Biasha aliinama ili mama mkwe apande mgongoni.

"Niache, nitatambaa," alisema Mwantumu.

"Panda, Mama. Jua linakuwa kali."

Akapanda, akalaza kichwa begani pake, na kabla hawajalipita shamba la kwanza alikuwa amesinzia.