Mpishi wa Nyumba ya Kona

Kwa miaka saba kiongozi wa matembezi aliwasimamisha wageni mbele ya nyumba ya kona na kutangaza bila haya: "Humu ndimo mwandishi wetu wa hadithi za upelelezi alimomweka muuaji wake, mpishi!" Nakala yake ya kitabu hicho ilikuwa imechanika kurasa za mwisho, basi yeye akajitungia tu muuaji.

Leo mama mmoja mtu mzima aliwaacha wenzake watangulie, akamtilia kitabu kizima mkononi.

"Mwanangu, muuaji ni daktari. Mpishi ndiye aliyemfichua, na mwandishi alimchora kwa kumtazama baba yangu."

Kiongozi alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nisamehe, mama. Mbona hukuniumbua mbele ya watu?"

"Hii ni mara yangu ya nne kuja. Kila nikija najiambia, leo atakuwa amekimaliza."