Mkono Uliogeuzwa

Wapo wanaosema picha haina mdomo. Mimi picha yangu ilisema, tena ilimwambia mtu mbaya, nikabaki nimesimama ofisini natetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa, na nina miaka arobaini na tisa.

Kazi yangu ni kubuni matangazo. Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, chumba kimoja kirefu. Ukiingia unakutana na kioo ukutani, ambacho bosi hujitazama kabla ya kwenda kwa wateja. Kisha meza yake, kisha meza yangu na kompyuta inayokoroma kama baba mkwe baada ya kula, na mwisho kabisa pazia la kijani. Nyuma ya pazia kuna sehemu ya kupikia chai na mlango wa ngazi za nyuma. Mlango huo una komeo la chuma lisilotaka kuvutwa mara moja. Unalivuta mara tatu, na kila mara linalia kwiii. Kila Jumatatu tunasema tutalipaka mafuta. Pale ofisini wananiita Diploma, kwa sababu kila ubishi nauanza na "mimi nina diploma." Siwalaumu.

Aliyetupikia chai tulimwita Dada wa Chai. Alikuja na mfuko mmoja wa nguo, akavaa mikono mirefu hata siku ambazo bosi mwenyewe alivua viatu kwa joto. Macho yangu mimi hayana adabu. Siku ya tatu, akiosha vikombe, nikaliona: kovu la pembe tatu, juu kidogo ya kiganja cha mkono wa kulia.

"Pasi," akasema kabla sijauliza. "Mume wangu fundi cherehani. Kila kilichojikunja yeye ananyoosha."

Akacheka. Mimi ambaye hucheka hata msibani nikashindwa. Baadaye, kidogo kidogo, akanisimulia: aliondoka asubuhi, mume akiwa ameenda kununua uzi, alikotoka ni mbali, na mume alishamwapia, "Hata ukibaki mkono tu, huo mkono nitaujua."

Sasa nisikilize nilivyofanya mimi, mtu mwenye diploma.

Tulipata kazi ya manukato yanayoitwa Pumzi. Mteja alitaka mkono wa mwanamke ukitoka gizani kuifuata chupa. Tukamletea wasichana watatu, akasema mikono yao ni ya sanamu za dukani. Wakati huohuo Dada wa Chai akaingiza mkono kuweka kikombe mezani, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Mteja akanitazama. Mimi nikamtazama Dada.

Nikamfuata nyuma ya pazia. "Mkono tu, dada. Sura haimo. Mkono hauna jina."

"Na hili, kaka Diploma?"

"Nalifuta. Kwenye kompyuta kufuta kovu ni kama kupangusa meza."

"Niahidi."

"Naahidi."

Akavaa shati lake jeupe, la pekee zuri alilotoka nalo, akanyoosha mkono, tukapiga.

Kosa langu nilionyesha picha kabla ya kuisafisha. Mteja akaruka kwenye kiti. "Hapo kwenye kovu usiguse!" Hapo ndipo nilipaswa kusema hapana. Lakini sisi wabunifu tuna ugonjwa: kitu kikipendwa, lazima tukipe maana. Mdomo ukafunguka wenyewe. Giza ni yaliyopita, nikasema. Chupa ni mwanga. Shati jeupe ni mwanzo mpya. Na kovu, ah, kovu ni ukweli. Huyu mwanamke ameishi. Mteja akapiga makofi. Nikaandika ukurasa mzima wa ishara na maana zake, nikausoma mwenyewe kwa sauti, nikajipenda.

Nilichofanya ni kuigeuza tu picha, kama inavyoonekana kwenye kioo. Hiyo ni desturi ya kazi. Jicho la msomaji huanzia kushoto na kuishia kulia, na linapoishia ndipo unaweka kinachouzwa. Chupa ikahamia kulia, na mkono wa kulia ukawa wa kushoto. Nikajidanganya kwamba inatosha.

Bango lilipopandishwa, hapa na katika miji mingine, Dada aliliona akija kazini. Hakunigombeza. Aliniwekea chai, akasema, "Uliahidi," akarudi nyuma ya pazia. Afadhali angenimwagia hiyo chai. Nikamwambia nitazungumza na mteja. Siku nne zikapita sijazungumza. Niliona aibu, nimeshauza maana, nirudi niseme naomba nirudishiwe?

Siku ya tano, saa nne asubuhi, bosi akiwa ameenda kwa mchapaji kuchukua mabango mengine, mtu akabisha hodi.

Alikuwa mwembamba, msafi, suruali imenyooshwa mpaka ule mstari ungekata mkate. Akavua kofia kwa heshima.

"Samahani, kaka. Nyie ndio mliotengeneza lile tangazo la manukato? Nimeona jina la ofisi pale chini kwenye kona."

"Ndio sisi wenyewe!" Nilivimba kama andazi. "Karibu, kaa. Una biashara?"

"Kiduka cha nguo. Nataka na mimi tangazo. Ila kwanza unielimishe. Jana nilisimama chini ya lile bango toka asubuhi mpaka jua likanichoma."

Akainama kuvuta kiti, na macho yangu yasiyo na adabu yakaona. Nyuma ya kola yake zilipachikwa sindano mbili. Moja ilikuwa bado ina uzi mweupe.

 Nyuma ya pazia, kijiko kilichokuwa kikikoroga sukari kilinyamaza.

"Nieleze picha," akasema. Alikuwa ameshachukua mezani nakala ndogo ya bango, ile ya karatasi ngumu. "Hili giza?"

"Yaliyopita."

"Shati?"

"Mwanzo mpya."

"Mwanzo mpya," akarudia, kama anaonja chumvi. "Na hapa?" Kidole chenye sugu ya mkasi kikatua juu ya kovu.

Diploma yote ikanitoka. "Hapo… kivuli tu. Mambo ya kompyuta."

"Kivuli cha pembe tatu."

"Kompyuta zina vituko, kaka."

Hakutabasamu. "Mkono wa nani?"

"Hata hatumjui. Picha tunanunua mtandaoni. Huko mikono inauzwa kama nyanya, unachagua fungu."

Akaitazama picha muda mrefu. Nilisikia saa ya ukutani, nikasikia na moyo wangu, moyo ukawa unaongoza. Kisha akapumua.

"Mke wangu ana alama kama hii. Kila kitu sawasawa. Ila yake iko mkono wa kulia, na huu wa kushoto." Akasimama, akavaa kofia. "Nisamehe. Mtu akipoteza kitu chake, anakiona kila mahali."

Kitu chake. Nikamsindikiza kuelekea mlangoni, moyoni naomba mlango usogee. Hatua nne. Tatu. Alikuwa bado ameshika ile karatasi, na mimi sikuthubutu kuidai.

Pembeni ya kioo akasimama.

"Ila hili shati."

"Limefanyaje?"

"Vifungo. Shati la kike, upande wa kulia hulala juu ya kushoto. Hili limelalia kinyume, kama la kiume. Lakini kola ya kike. Na huu mshono wa begani…" Akaisogeza karatasi karibu na pua. "Huu mshono ni kama wangu."

Sijui maneno yalitoka wapi. "Una jicho, wewe! Ndiyo ishara yenyewe hiyo. Amevaa shati la mpenzi wake. Harufu ya mwanaume imebaki kwenye nguo, unaona? Watu wengi hawaligundui."

"Kwa hiyo ana mwanaume," akasema polepole.

Nimeruka mkojo, nimekanyaga mavi.

Na hapohapo, nyuma ya pazia: kwiii.

Akageuza kichwa. Mimi nikapasua kicheko. Kicheko kikubwa, cha tumbo, cha mwendawazimu. Nilicheka mpaka kalamu zikatikisika mezani.

"Unacheka nini?"

"Nimekumbuka kitu! Mke wangu alinipeleka duka la manukato. Muuzaji kampulizia mkononi, mkono ukaletwa puani kwangu, naulizwa, 'Baba, unasikia nini?' Nikasema nasikia njaa!" Nikajipiga paja. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni mpaka kwenye mkanda.

Hakucheka. Alikuwa ananitazama kama anapima kitambaa. Na mimi masikio yote yalikuwa nyuma yangu. Vuta, dada. Vuta nikuchekee.

Kwiii.

"Na baba mkwe wangu!" nikapiga kelele. "Siku ya harusi yetu alijipulizia dawa ya mbu, akidhani ni manukato! Siku nzima hakuguswa na mbu, wala na mtu!" Nikacheka tena, nikakohoa, nikagonga meza ya bosi kwa ngumi. Machozi yalinitoka kweli, ila hayakuwa ya kicheko.

Alipoacha kunitazama, aligeukia kioo. Sidhani kama alikusudia. Karatasi ilikuwa mkononi, kioo kiko mbele yake, naye akaona. Akainua ile karatasi taratibu mpaka usawa wa uso. Na mimi nikaona anachokiona: ndani ya kioo mkono umekuwa wa kulia. Vifungo vimekuwa vya kike. Shati limerudi kwa mwenyewe.

"Ahaa," akasema. "Umeigeuza."

Kwiii.

Mara hii sikuweza kucheka.

 Kisha mlango wa nyuma ukagonga ukuta, na ngazi za chuma zikaanza kulia, tak tak tak tak, miguu inashuka mbio.

Sijawahi kuwa mkimbiaji. Lakini kati ya meza yangu na ukuta kuna kinjia chembamba, na hakuna njia nyingine ya kufika kwenye pazia. Nilifika pale kabla yake nikajaa. Nina kilo mia na tatu. Kila mwaka daktari ananisema. Siku ile sikuona gramu ya ziada.

"Pisha, shemeji," akasema.

"Mimi si shemeji yako."

"Anakuita kaka, siyo? Basi ni shemeji yangu." Sauti ilikuwa ya upole mno, na hiyo ndiyo ilinitisha kuliko yote. Akapeleka mkono nyuma ya shingo, akachomoa sindano. "Mambo ya mtu na mkewe, wewe yanakuhusu nini?"

"Mkono niliuweka barabarani mimi," nikasema.  "Yananihusu."

Akanisukuma. Nikashika meza huku, ukuta kule. Kisha nikahisi bega linachomwa, kitu chembamba, baridi, kikiingia taratibu kama anashona. Nililia kama mtoto. Sikutafuta neno la kuchekesha, halikuwepo. Lakini mikono sikuiachia. Nilikuwa nahesabu: ngazi ishirini na mbili, uchochoro, kona, barabara. Nilipomaliza nikahesabu upya.

Nilikuwa kwenye kona kwa mara ya tatu mlango wa mbele ulipofunguka kwa kishindo. Bosi, kilemba kimekaa upande, na vijana wawili wa mchapaji nyuma yake, wale wa kubeba mabango.

"Nani huyo anayemshika mtu wangu?"

Yule fundi akarudi nyuma hatua moja. Akachomoa sindano begani kwangu, akaifuta kwenye shati langu. Akaiweka ile karatasi mezani, akaichoma sindano katikati ya kovu, sawasawa, bila kukosea hata nywele.

"Umefanya kazi nzuri," akaniambia. Akavaa kofia, akawapita wale vijana kama anapita kwenye foleni, akashuka. Wakati wao wanaulizana wamfuate au wamwache, alishapotea kwenye watu.

Dada alikuwa amekutana na gari la mchapaji pale kwenye kona na kulisimamisha kwa mikono miwili. Bosi, aliyekuwa ndani ya gari hilo, alimwacha humo na mke wa mchapaji aliyekuwa akiendesha, akapanda ngazi na vijana. Mchana tulienda polisi, nikavua shati, nikaonyesha bega, nikaonyesha na karatasi na sindano yake. Wakaandika. Wanamtafuta. Jioni ile bosi akamwondoa Dada mjini yeye mwenyewe.

"Yuko—" akaanza kuniambia kesho yake.

"Usiniambie! Bosi, mimi mdomo wangu unauza kila kitu."

Akanitazama, akaitikia kwa kichwa. "Ametuma salamu."

"Amesemaje?"

"Amesema komeo msilipake mafuta. Kila lilipolia alikusikia unamchekea."

Mteja nilimpigia simu siku hiyohiyo. Nilimwambia lile bango lishuke, na sikumpa maana yoyote. Alifoka, nikanyamaza, likashuka. Siku hizi tangazo la Pumzi ni chupa peke yake juu ya meza tupu. Watu wananiuliza ile meza ni ishara ya nini. Nawaambia ni meza.

Sasa ninaposikia hodi, natazama kola kwanza.

Ile picha ilikuwa imebaki kwenye kompyuta. Nilikaa, nikaifungua, nikairudisha ilivyokuwa, mkono wa kulia. Kisha nikachukua kifutio cha kompyuta nikapitisha juu ya kovu, mara moja, mara mbili, mpaka ngozi ikawa ngozi tu, kama nilivyomwahidi. Ndipo nikaifuta picha nzima.

Nilitazama saa ya ukutani. Kazi ya kufuta kovu ilikuwa imechukua dakika moja, hata haikufika.