Mpaka wa Meza Namba Tatu

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Hivyo ndivyo Elieth alivyoisema methali ile Jumanne moja ya Aprili 2008, saa nane mchana, akiwa amesimama mbele ya mashine ya kufulia katika ghorofa ya chini ya hoteli moja ya ughaibuni, karibu na College Park. Mgeni mwenyewe alikuwa ghorofa ya sita. Alikuwa kiongozi wa nchi ya mbali isiyo na ugomvi na mtu, na alikuja kuwapatanisha Waisraeli na Wapalestina. Wafanyakazi walimwita Mpatanishi. Tangu Jumapili alikuwa hali vizuri wala halali, akibadilisha mashati manne kwa siku, na mashati yote yalipita mikononi mwa Elieth.

Elieth alitoka Bukoba. Alikuwa amefua katika hoteli ile kwa miaka sita na hakuna doa lililowahi kumshinda. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa kwa mwanasheria wa hoteli, zikisubiri saini ya meneja. Alizifikiria kwenye basi la asubuhi kutoka Hyattsville na kwenye basi la kurudi, na kwa sababu hiyo hakuweza kutulia mahali. Hata chai aliinywa akitembea.

Kitambaa cha meza kilishuka pamoja na mashati. Baada ya chakula cha mchana Mpatanishi alichoka kusikiliza, akachomoa kalamu na kuchora mpaka juu ya kitambaa, kutoka sahani ya samaki hadi bakuli la matunda. Jerusalem iliwakilishwa na kichupa cha chumvi. Kwa kuwa pande mbili hazikukubaliana kiwekwe wapi, kichupa kilirudishwa jikoni. Watu wakapiga makofi na kwenda kupumzika. Hardy, mhudumu wa meza, ambaye aliona yote lakini hakuambiwa lolote, akakusanya vitambaa kama kila siku na kuvishusha chini pamoja na habari.

Elieth alikifua kwa maji ya moto. Mstari ukabaki. Akakifua tena kwa jiki. Mstari ukabaki, ila sasa penye mikunjo palikuwa na vilima, na juu ya vilima palikuwa na nyumba. Alipokitandaza kwenye meza ya kupigia pasi, moshi mwembamba ulikuwa ukitoka kwenye jiko moja. Elieth akapunguza moto wa pasi.

"Dada," akasema Akimana, Mrundi aliyekuwa akikunja taulo kando yake. "Hii nappe ya meza iko na watu."

"Nimewaona. Usiikunje."

"Sitaikunja." Akimana akachukua taulo nyingine. "Na sisi amani yetu waliendaga kuisaini Arusha. Mimi hawakuniita. Nilikuwa nafua."

Karibu na ukingo wa kitambaa palikuwa na ua. Mwanamke wa kimo cha punje ya mchele alisimama pale na ndoo tupu. Jiko lake lilikuwa upande huu wa mstari, kisima upande wa pili. Kamba yake ya kuanikia ilipita juu ya mstari, na shuka moja ilining'inia nusu huku, nusu kule. Upande wa kisima aliketi mzee, viganja vimejaa vibanio vya nguo vya yule mwanamke, ambavyo vilimwangukia na hakuthubutu kuvirudisha. Kati yao walisimama askari wawili wenye bunduki nyembamba kama nyusi. Elieth hakuweza kujua nani ni wa taifa gani. Nyumba zote mbili zilikuwa zimeanika.

Mwanamke akamwinulia ndoo na kusema kitu. Elieth hakuijua lugha ile, ila ndoo tupu haihitaji mkalimani.

Aliizunguka meza ya pasi mara tatu. Alimfikiria mwanasheria. Alikwenda hadi mlangoni, akarudi, akaenda tena, na safari hii alifika jikoni na kurudi na ndimu na kichupa cha chumvi.

"Dada, hicho si ndicho Jerusalem?"

"Ni chumvi."

Kwanza aliuliza. Aligusa mstari kwa ncha ya ukucha, akamtazama mwanamke, naye akaitikia kwa kichwa. Akamtazama mzee. Mzee alifikiri kwa muda mrefu, kisha akavuta kiti chake nyuma kidogo ili asimzuie. Askari hakuwauliza. Alinyunyiza chumvi, akakamua ndimu, akasugua kwa kidole kimoja, polepole, na mstari ukafutika pale uani kwa upana wa vidole viwili. Mwanamke akavuka na ndoo yake kwenda kisimani. Mzee akaanza kumrudishia vibanio, viwili viwili. Askari waliendelea kulinda pale pale, ingawa hapakuwa tena na kitu.

Ndirangu, Mkenya aliyesimamia chumba cha kufulia, aliingia mbio.

"Kitambaa ya meza namba tatu iko wapi? Wanasema hiyo ndio mkataba yenyewe! Inasainiwa saa kumi!" Akaitazama meza. "Wee Elieth. Umefanya nini? Na hawa wametoka wapi?"

"Walikuwepo."

"Walikuwepo wapi?"

"Hapo hapo. Kabla ya kalamu."

Ndirangu akajipangusa jasho. "Mimi sijaona mtu. Unaskia, madam? Sijaona mtu."

Walikipandisha kitambaa kikiwa kimetandazwa juu ya sinia kubwa, Elieth akishika upande mmoja na Ndirangu mwingine, kwa hatua fupi ili maji yasimwagike ndooni. Juu, wajumbe waliinama na kulikagua lile pengo. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, pande zote mbili zilikubaliana: mpaka umeharibiwa na dobi. Machozi yalimlengalenga Mpatanishi kwa furaha. Akawapa mikono wote. Kisha akaletewa kalamu ya wino usiotoka, na kwa kufuata picha iliyopigwa mezani mchana, akaunga mstari.

Kalamu ilipita kati ya jiko na kisima. Mwanamke alikuwa bado kisimani. Aliweka ndoo chini. Mzee akampa kiti.

Iliandikwa barua fupi kwamba dobi anaomba radhi kwa kufuta mpaka bila idhini. Meneja alisema barua ikisainiwa, naye atasaini karatasi za Elieth jioni hiyo hiyo. Isiposainiwa, mwanasheria atazirudisha. Mpatanishi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimletea barua na kalamu kwa mkono wake.

"Mama," akasema, "ni kwa ajili ya amani."

"Mheshimiwa, yule mama ameacha chungu jikoni. Kinaungua."

Mpatanishi akavaa miwani na kuinama. Alitazama muda mrefu, kwa upole, na alipoinuka ilionekana wazi kwamba amemwona.

"Namwona," akasema. "Tutalishughulikia katika awamu ya pili."

Harufu ya kuungua ikaenea chumbani. Mjumbe mmoja akainuka na kufungua dirisha.

"Saini tu," Ndirangu akamnong'oneza Elieth. "Ni karatasi tu, madam. Fikiria zako."

Elieth alizifikiria. Miguu yake, iliyotembea siku nzima, ilikuwa imesimama. Vidole vyake vilinuka ndimu. Akaisukuma kalamu kando, mbali na kitambaa.

"Nimeufuta mimi," akasema. "Siombi radhi."