Wekundu wa Komeo

Mzee Komeo alikuwa haoni tena sura ya mtu. Presha ya macho ilimwachia rangi tu, tena zile kali. Lakini kwa mpira zilimtosha. Enzi zake alikuwa golikipa wa timu iliyoanzishwa na mafundi gereji, na jina la Komeo alipewa kwa sababu mipira ilikuwa haipiti. Kila mechi ya nyumbani binti yake, msusi, alifunga saluni, akamshika mkono, wakaenda kukaa kwenye jukwaa lisilo na paa. Mzee alifuata ule wekundu wa jezi unavyokwenda na kurudi, na mara nyingi alinusa goli kabla ya wenye macho yao mazima.

Kwa hiyo binti aliposikia klabu inabadili jezi, alimfuata kaka yake ofisini. Kaka ndiye katibu wa klabu, na siku hizi alikuwa na kiti kinachozunguka. Ukutani palishabandikwa nembo mpya. Spana na mpira vimeondolewa, pakawekwa mchoro ambao hata wahudumu wa ofisi walibishana kama ni ndege au ni ufagio.

"Kijivu?" dada aliuliza. "Katika rangi zote za Mungu, mmeona kijivu?"

"Ndiyo ya kisasa, dada. Mdhamini ameleta wataalamu wake."

"Na baba ataionaje?"

Kaka alizungusha kiti. "Sasa tubadilishe klabu nzima kwa ajili ya macho ya mzee mmoja?"

"Hakuna aliyewaambia mbadilishe kitu. Mngeacha tu ilivyo."

"Atazoea," alisema kaka.

Atazoea! Mtu azoee kutoona. Na anayesema hivyo ni mtoto aliyezungushwa uwanja mzima mabegani mwa baba yake, amevalishwa jezi nyekundu iliyomfika magotini. Binti alitoka mle ofisini bila kuaga.

Nyumbani alimweleza baba. Mzee akacheka, akidhani anataniwa. Klabu gani yenye akili zake itupe rangi iliyoijengea jina?

Jumamosi wakaenda uwanjani. Wageni waliingia na jezi nyekundu. Zamani wakija hapa walilazimika kuvaa nyeupe, leo wamekuta nyekundu haina mwenyewe. Mpira ulipoanza, mzee alinyoosha shingo, akakunja uso.

"Wapinzani hawajaingia?"

"Wameingia, baba."

"Mbona nawaona wetu tu?"

Binti alimweleza tena, taratibu, kwamba wale wekundu ndio wageni, na wetu ni wale wa kijivu asiowaona. Mzee akaitikia, sawa mama, nimeelewa. Lakini mapenzi ya miaka yote ile hayakukaa kichwani peke yake. Wekundu ulipomiminika upande wa kulia na nyavu zikatikisika, Komeo aliruka, mikono juu, akashangilia peke yake katika jukwaa lililopigwa na bumbuwazi.

"Kaa chini, mamluki wewe," alisema mtu nyuma yake. Mwingine akammwagia maji. Vijana waliovaa kijivu, ambao hawakuwa wamezaliwa Komeo alipovunjika vidole kwenye lango lile lile, walimzomea mpaka akajua alichofanya. Binti aliinua macho kwenye jukwaa kuu. Kaka yake alikuwa amesimama, ameona kila kitu. Akaketi, akainamia simu yake.

"Nirudishe nyumbani, mama," alisema mzee. Maji yalikuwa bado yanamchuruzika shingoni.

Jioni kaka alikuja na jezi mpya, bado iko ndani ya nailoni.

"Baba, achana na wale watoto, hawakujui. Hii ni yako. Mgongoni imeandikwa Komeo."

Mzee aliipokea, akaipapasa. Akaisogeza karibu na macho, akaipeleka kwenye mwanga wa taa, akairudisha mapajani.

"Kitambaa kizuri," alisema.

Kaka akashusha pumzi, akatabasamu.

"Mpe dada yako adekie. Mimi siioni."

Kaka alimgeukia dada yake, akisubiri aseme neno la kumwokoa, kama alivyozoea kumwokoa tangu utotoni. Dada aliichukua ile jezi, akaenda kutafuta ndoo.